Pembe Nne za Tandiko la Mamako

Mwanangu Mwanatumu,

Nakuandikia adhuhuri hii, wewe umekwenda Ukunda kununua begi. Najua ukirudi utanipa shikamoo yako mlangoni, kisha utauliza mbona nyumba nzima inanukia sabuni. Kwa hiyo naandika upesi. Kesho asubuhi kituoni nitakupa furushi lililofungwa kwa leso ya mamako na nitakukataza kulifungua mpaka ufike Mackinnon Road. Barua hii itakuwa juu, ndani ya leso. Isome kwanza, ndipo ufungue lililo chini yake.

Habari za kula kwa wakati, kuswali, kufunga mlango na kutomwazima kila mtu simu, sitaziandika. Shangazi yako Riziki anazo zote, na atakusomea mpaka gari liondoke. Mimi nataka kukueleza habari ya pembe za vitambaa. Unakwenda kufundisha wasichana wa chuo cha ufundi kushona na kufuma, na wewe una cheti, mimi niliishia darasa la saba. Lakini kuna jambo la pembe ambalo cheti chako hakinalo, kwa sababu nililifanya mimi, na nililificha.

Unaijua kazi yangu ya udobi kule hotelini Diani. Miaka mingi nilisimama mbele ya pasi nikinyoosha shuka za wageni, na mtu akikaa na pasi muda mrefu huanza kuamini kwamba hakuna kitambaa cha kumshinda. Mamako naye alikaa pale barazani na kroshia yake ya chuma, kikapu cha uzi miguuni, na wewe mdogo ukimvutia uzi kama paka. Mimi nikitoka kazini nilikuwa nikisimama nyuma yake na kumkagua.

"Mama Tumu, pembe hii imejikunja. Nipe niipige pasi."

Hakuwa akiinua hata macho. "Pasi itainyamazisha tu, Baba Tumu. Haitaiponya."

Nilidhani ni maneno ya mtu asiyejua pasi.

Ulikuwa na miaka sita hivi watu wa Mkongani walipokuwa wakimwoza binti yao. Walimwagiza mamako vitambaa vya kupambia nyumba ya bibi harusi, vya makochi, vya meza, na kimoja kikubwa cha kufunika televisheni. Siku zilikuwa chache. Alifuma kwa haraka, na mkono wenye haraka hukaza uzi bila mwenyewe kujua. Vilipokwisha, kila kimoja kilikuwa kimejikunja pembeni kama jani la mgomba lililopigwa na jua.

Alivitandaza mkekani, akavitazama, akasema, "Nimekaza mwanzo. Mstari wa chini wote umebana, kisha juu yake nikapanua. Sasa chini kunavuta na juu kunataka nafasi. Lazima pembe zinyanyuke, ziende wapi?"

"Basi ufanyeje?"

"Nifumue."

"Vyote?"

"Vile vinne vibaya zaidi. Nitaanza nikirudi Ramisi."

Alikuwa anakwenda matangani kwa mjomba wake, siku mbili. Alipoondoka nilivichukua vile vitambaa nikasema moyoni, leo nitampunguzia mke wangu kazi. Nataka uamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu. Wanga wa kukazia nguo sikuwa nao nyumbani. Nikakumbuka marehemu mamangu. Babangu alikuwa mkata miwa wa Ramisi, na kwetu sukari ilikuwa ndiyo dawa ya kila kitu, hata vitambaa mamangu alivikazia kwa maji ya sukari. Nikachemsha maji, nikakoroga sukari, nikachovya vitambaa vyote, nikavipiga pasi ya moto kweli kweli.

Mwanangu, vilisimama! Vilikuwa vigumu kama biskuti. Hakuna pembe iliyothubutu kutikisika. Nilivikunja, nikavifunga utepe. Mamako aliporudi nilimwambia nimevipiga pasi tu. Alivifungua kimoja kimoja, akavikunja tena. Kufumua kulikuwa hakuwezekani tena, matanga yalikuwa yamemchelewesha na harusi ilikuwa kesho yake. Akavipeleka.

Siku ya harusi nyumba ilijaa watu. Joto, jasho, migongo inaegemea, vikombe vya chai vinawekwa na kuinuliwa. Hata adhuhuri haijafika, pembe zikaanza kunyanyuka moja baada ya nyingine, kama watu wanaosimama kuaga. Kisha wakaja sisimizi. Walitokea chini ya mlango kwa msafara mmoja mrefu, wakapita katikati ya mkeka, wakapanda kochi la bwana harusi.

Mama wa bibi harusi hakuwa mtu wa kunong'ona. "Bi Mejumaa!" aliita. "Tulikuagiza vitambaa, mbona umetuletea na wapagazi wake?"

"Waache," akadakia mwanamke mwingine, "labda wamekuja kuzikunjua hizo pembe!"

Wakacheka chumba kizima. Mamako akainama, akaanza kuwapangusa wale sisimizi kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na wanaume wenzangu, sahani mkononi. Lilikuwa jambo la kusema maneno matatu tu, ni mimi niliyefanya. Nikala pilau.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, kule Mkongani walimwita Mama Sisimizi. Alifuma vitambaa vipya, akawapelekea bila ya kuombwa, na hata hivyo jina halikutoka. Mimi kila siku nilisema nitamwambia. Siku zikawa miezi, na jambo ambalo halikusemwa mapema huwa na aibu mbili, aibu ya kulifanya na aibu ya kulikalia.

Ila nilianza kumtazama akifuma. Niliona kwamba tangu siku ile mstari wa kwanza aliufuma kwa kroshia nene, vitanzi vilegee, kisha akabadilisha na kushika nyembamba kwa mistari inayofuata. Niliona kila baada ya mistari michache alikuwa anakiweka kitambaa pajani na kukipapasa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kikianza kujikunja, alifumua hapo hapo, mstari mmoja au miwili, bila kinyongo, huku akiimba.

Unakumbuka ile wiki yake ya mwisho. Wewe ulikuwa umetoka kumteka maji. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikimpepea.

"Baba Tumu."

"Naam."

"Ile sukari ilikuwa vijiko vingapi?"

Nikaacha kumpepea. "Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile niliyotoka matangani. Nililamba pembe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Akacheka, Tumu. Alicheka mpaka akakohoa, ukaingia mbio na ndoo ukadhani amezidiwa. Uliniuliza ni nini, nikakujibu si kitu. Sasa umejua ilikuwa nini. Nilimwomba radhi pale pale, akasema alikwisha nisamehe siku nyingi, lakini vijiko bado anataka kuvijua. Nikamwambia kumi na viwili. Akasema, "Yarabi, hata mimi ningekuwa sisimizi ningekuja."

Alituacha siku ya tatu yake. Mungu amrehemu.

Tandiko unalijua. Alilianza siku uliyopata nafasi ya kusomea ushonaji, akasema utalitandika kwenye kitanda chako cha kwanza cha kazini. Alifika theluthi mbili. Kitanzi chake cha mwisho alikizuia kwa pini ili kisifumuke, akalikunja, akaliweka sandukuni, akasema kesho. Baada ya arubaini nilifungua lile sanduku. Nilikuwa natafuta hati ya shamba, lakini nikakaa chini na tandiko magotini mpaka ilipoadhiniwa alasiri. Nilipoinuka nilikuwa nimeamua. Litakwisha, na litalala, pembe zote nne. Mkewe dobi asiache kazi yenye pembe zilizonyanyuka mara ya pili kwa ajili ya dobi.

Shangazi yako alinikuta barazani na kroshia mkononi. Unamjua.

"Haa! Kaka yangu! Tukutafutie na mume?"

"Mtafutie kwanza mumeo kazi," nikamjibu, nikaendelea.

Lakini mkono wangu ulikuwa wa kusukuma pasi. Nilivuta uzi kama mtu anayefunga mbuzi. Pale kazi ya mamako ilipoishia na yangu kuanza, tandiko liliingia ndani kama kiuno, na pande zote mbili zikajikunja kama mkeka unaoviringishwa. Nilifanya nini? Nilipiga pasi! Baada ya yote yale, mwanangu, nilipiga pasi. Lililala usiku mmoja, asubuhi limeviringika.

Ndipo nikalibeba kwenda Ukunda kwa Mama Kioko, yule anayeuza nyuzi karibu na soko. Ni mtu wa bara, maneno yake hayana viungo, lakini mikono yake ni ya dhahabu. Alilitandaza kwenye meza yake, akashika mahali pangu, akashika mahali pa mamako.

"Mzee, hii uzi umeivuta kama unakaba mwizi."

"Nilitaka iwe imara."

"Imara ni hii ya mama. Skia ilivyo laini." Kisha akaanza kuhesabu matundu, midomo ikitembea. "Hapa kwa mama kuna mia mbili. Hapa kwa mwisho wako kuna mia moja na sabini. Hizo zingine ulipeleka wapi?"

Sikujua. Alinionyesha. Kila nilipogeuka kuanza mstari mpya, tundu la mwisho lilikuwa limejificha nyuma ya ukingo, nami nililiruka. Moja huku, moja kule. Mtu haoni tundu moja. Lakini tandiko linaona, na kila mstari unakuwa mfupi kuliko uliopita, na ukingo unavutwa ndani mpaka unajikunja. Kosa halikuwa pembeni nilikokuwa napiga pasi. Lilikuwa kila mahali nilipogeuka.

"Sasa nifanyeje, Mama Kioko?"

"Fumua."

"Yote?"

"Mpaka kwa pini ya mama. Hapo kwake usiguse."

Nilikuwa nimelifuma kwa miezi minane. Nilirudi nyumbani, nikakaa barazani, nikaanza kuvuta uzi. Unaikumbuka siku hiyo kuliko mimi. Ulitoka ndani ukaona uzi umejaa miguuni kwangu, ukapiga ukelele, "Baba! Unafumua kazi ya mama!" Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na maneno, na pini ilikuwa bado mahali pake, ningeweza kukuonyesha. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naona haya kukuambia kwamba nimeshindwa. Ukachukua mtandio wako ukaenda kulala kwa shangazi yako siku tatu.

Na hapo ndipo nina sukari yangu ya pili, Tumu.

Wiki hiyo hiyo barua ya kwanza ya chuo ilikuwa imefika. Walikutaka uanze mwezi unaofuata. Ulikuja kunisomea, bado umenikasirikia, lakini ulikuja. Nikakuambia mguu wangu unaniuma, siwezi kukaa peke yangu, ngoja kidogo. Ukangoja. Ukawaandikia kwamba huwezi. Mwaka mzima ukanikanda mguu huu kwa mafuta ya nazi na mdalasini kila Ijumaa.

Mguu haukuwa na kitu. Haujawahi kuwa na kitu. Nilikuwa naogopa nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza kama nimekula. Niliona ndani ya mwaka ule ulivyokuwa unaniletea chai bila ya kuimba, na ulivyoacha kuzungumza habari za ufundi. Nikawa nalikumbuka tandiko nilivyolibana, nakutazama wewe.

Hii barua ya pili ya chuo ilipokuja, unajua nilisema nini. Nilisema nenda, kabla hujamaliza kusoma. Uliuliza, "Na mguu, baba?" Nikasema umepona. Ukanitazama kama mamako alivyovitazama vile vitambaa. Nadhani na wewe umelamba. Basi nasema mwenyewe, usingoje kama alivyongoja yeye. Nilikudanganya. Niwie radhi, mwanangu.

Tangu siku ile ya kufumua sikulishika tandiko mbele yako. Ukadhani nimeliacha. Nilikuwa nalifuma kwa Mama Kioko, kila Jumatano na Jumamosi nilipokuambia nakwenda kucheza bao, nikichechemea mpaka nipite kona. Shangazi yako alilijua hilo, na mtu asiyeweza kuficha hata kilichopikwa kwa jirani alilificha jambo hili mwaka mzima. Hilo peke yake ni muujiza.

Nilianza upya kwenye pini. Bismillahi, kroshia ya ukubwa uliofaa, uzi unapita kwenye kidole kama maji. Kila mwisho wa mstari nililitafuta tundu lile lenye haya, nikalitoa, nikalifuma. Nilihesabu kila mstari, mia mbili, mia mbili, mia mbili. Nikivuta kwa hasira Mama Kioko alikuwa ananipiga kofi mkononi. "Mzee! Mwizi ameshatoroka, achilia!"

Lilipofika urefu wake nikazungusha ukingo pande zote. Hapo ndipo wengi hupotea, na wasichana wako watapotea pia. Upande wa ubavuni matundu hayaonekani, mtu huchoma popote. Ukiweka machache ukingo unabana na kujikunja, ukiweka mengi unafanya mawimbi kama shati la bwana harusi wa zamani. Kila baada ya shibiri nililaza chini nikalitazama. Na kwenye pembe, vitanzi vitatu ndani ya tundu moja, pembe ipate mahali pa kugeukia. Mamako alifanya hivyo kwenye kitambaa cha televisheni yetu sisi, nimekitazama nikakihesabu. Siku zote kilikuwa hapa nyumbani, mbele ya macho yetu.

Jana, ulipokwenda kuaga kwa akina bibi, nililifua kwa sabuni ya mche. Sikulikamua, nililiviringisha ndani ya taulo. Nikalitandaza kwenye mkeka kivulini nyuma ya nyumba, usikopita, nikalivuta kwa vidole mpaka likawa mraba, nikalizungushia pini pande zote. Sikutia kitu. Maji na upepo tu. Na pasi niliipeleka kwa jirani, nisije nikashawishika.

Leo asubuhi ulipotoka tu, shangazi yako akaja kulikagua. Nilitoa pini. Moja moja, Tumu. Pembe ya kwanza ikalala. Ya pili. Ya tatu. Ya nne nilishindwa, nikamwambia Riziki atoe yeye. Akatoa. Ikalala.

"Ngoja," akasema, "wewe na pembe nawajua nyinyi." Akalichukua, akalitupa kitandani ovyo, akachovya vidole kwenye kikombe akanyunyizia pembe zote maji, akakaa juu yake, akainuka, akakaa tena. Akasubiri. Mimi nikasubiri. Nje jogoo wa jirani alikuwa anawika bila sababu.

Hakuna pembe iliyonyanyuka.

Shangazi yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Kuna harusi?" mmoja akauliza kutoka uani. "Zaidi!" akajibu. Wakaingia, wakalipapasa. Mwanamke mmoja aliyeolewa huku kutoka Mkongani akalishika ukingo, akasema, "Hii ni kazi ya nani?" Nikasimama katikati ya chumba. Safari hii sikuwa na sahani mkononi. Nikasema, "Ni ya Mejumaa, na mahali hapa kuelekea juu ni yangu. Na vile vitambaa vya harusi yenu vilivyoleta sisimizi, sukari niliitia mimi. Yeye hakujua mpaka ilipokwisha kutiwa. Ukienda kwenu, waambie."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, akasema atawaambia, na kwamba hadithi hii mpya ni tamu kuliko ya zamani. Mwanangu, nimetembea barazani kama mtu aliyetoka hija.

Ukilitandika, pitisha kidole kutoka chini kwenda juu. Utakuta mahali ambapo vitanzi vinakuwa vikubwa kidogo. Hapo mamako ameniachia. Pini yake nimeibakiza kwangu, iko mfukoni mwa shati, na mguu wangu ni mzima, na Jumatano nina miadi na Mama Kioko, ananianzisha foronya. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Ukimwona mwanafunzi anakimbilia pasi, usimgombeze. Mketishe, muulize mstari wa kwanza aliufuma vipi. Kama itabidi kufumua, kaa naye mpaka mfike kwenye pini.

Nakusikia getini unamsalimia mtu. Begi naona ni jekundu. Naikunja barua.

Litandike huko kwa fahari, mwanangu, mbele ya yeyote atakayetaka kuona. Na ikiwa hata sasa una shaka na babako, una haki. Shika pembe yoyote kati ya zile nne, uilambe.

Babako